Kapteni Kishindo Hazeeki

Katika nchi ya Tutafika, ambayo haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msianze kutazamana, watu wote walizeeka isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ni Mtukufu Baba wa Safari, aliyeanza kuiongoza nchi zamani sana, barabara ya lami ilipokuwa moja na ikatosha. Ni kweli kwamba sauti yake ilikuwa imepungua mwaka hadi mwaka, mpaka mtu wa kawaida hakuweza tena kuisikia, lakini hilo halikumzuia kutawala hata kidogo. Alikuwapo Msikilizaji Mkuu, Mheshimiwa Dokta Mhandisi Ngwali, ambaye kazi yake ilikuwa kuinama, kutega sikio kwenye midomo ya Mtukufu, kisha kunyanyuka na kulitangazia taifa kilichosemwa. Mtukufu alitikisa midomo kwa maneno mawili au matatu, na Mheshimiwa Ngwali akinyanyuka alikuwa na hotuba ya saa nzima yenye takwimu. Wananchi walistaajabia ufupi wa lugha ya wakubwa.

Basi mchana mmoja Bi. Siwema alikuwa ameketi mkekani, mguu wa mumewe mapajani, anamchua goti kwa mafuta ya karafuu. Redio ilikuwa inasoma habari, na yeye hakuwa anaisikiliza, maana habari za Tutafika ukizisikia leo umezisikia za mwaka mzima. Ghafla akasikia jina la mumewe.

"Mtukufu amesema," ilikuwa sauti ya Mheshimiwa Ngwali mwenyewe, "taifa lina kiu ya ushujaa. Kwa hiyo Kapteni Kishindo anarudi! Na atarudi yeye mwenyewe, Shaweji Mbaruku, wala si mwigaji!"

Bi. Siwema akaacha kuchua. "Baba Mwatumu, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Shaweji. "Labda kuna Shaweji Mbaruku mwingine."

Hakukuwa na mwingine. Huyu ndiye aliyekuwa Kapteni Kishindo katika filamu tano, enzi hizo gari la sinema likizunguka wilaya zote na kutundika shuka jeupe kwenye ukuta wa shule. Aliruka kutoka behewa hadi behewa, alipigana na mamba wa mpira, na katika ile ya tano aliruka Korongo la Mnyambiri kutoka ukingo huu hadi ule, kweli kabisa, bila ujanja wowote, akipiga kelele, "Mimi hapa!" Kila mtoto aliyevunjika mkono miaka ile alivunjika akiruka kutoka juu ya banda la kuku na maneno hayohayo mdomoni. Lakini hiyo ni zamani. Sasa Shaweji alikuwa na miaka sabini na minne, na magoti yake yalilia kama mlango wa stoo. Ushujaa uliobaki ulikuwa mmoja tu: akirudi kutoka barazani kunywa kahawa, alisimama mlangoni na kunguruma, "Mimi hapa!" na Bi. Siwema alimjibu kutoka jikoni, "Umekawia, chakula kinapoa."

* * *

Wajumbe walikuja asubuhi na magari yasiyo na idadi, pamoja na kwaya. Mheshimiwa Ngwali aliingia wa kwanza akiwa ametanguliwa na sikio lake la kulia, ambalo lilikuwa na mlinzi wa peke yake. Walileta buti, kofia na mkanda wa ngozi wa Kapteni Kishindo, uliokuwa umehifadhiwa Makumbusho ya Taifa miaka yote hiyo. Wakamfunga Shaweji ule mkanda. Haukufika hata nusu.

Afisa wa vipimo akautazama mkanda, akalitazama tumbo. "Mkanda uko sahihi," akasema. "Tumbo ndilo lililokiuka."

"Litarekebishwa," akasema Mheshimiwa Ngwali. "Filamu inaitwa *Kapteni Kishindo Hazeeki*. Sikukuu ya Taifa, Shujaa ataruka Korongo la Mnyambiri mbele ya Mtukufu mwenyewe na mbele ya kamera. Mtukufu amesema, na namnukuu, kwamba mruko huo utakuwa ni kielelezo cha uimara wa uongozi wetu katika nyanja zote, zikiwemo zile ambazo bado hazijaundwa."

Bi. Siwema, aliyekuwa anawagawia chai, aliliweka sinia chini kwa kishindo. "Mheshimiwa, samahani. Huyu mzee hawezi hata kupanda kitanda bila kushikwa."

Vikombe vyote vikasimama njiani. Kwaya iliyokuwa uani ikakata wimbo.

"Mzee nani?" Mheshimiwa Ngwali akauliza taratibu.

"Mzee Shaweji. Mume wangu. Kwani mnamwona kijana?"

"Mama, kaa kitako nikueleze," alisema Mheshimiwa, kwa upole wa mtu anayeweza kukufunga. "Mtukufu na mume wako walizaliwa mwaka mmoja. Darasa la kwanza walikaa dawati moja. Sasa, ukisema aliyekaa upande huu wa dawati ni mzee, unataka kutuambia nini kuhusu aliyekaa upande ule?"

Bi. Siwema akamwona mumewe anamkazia macho, akaliinua tena sinia. Wajumbe wakanywa chai yao, wakaisifu, wakaondoka. Mkanda ukabaki mezani umejikunja, na Shaweji akakaa mbali nao.

"Mume wangu watamuua," Bi. Siwema alimwambia binti yake jioni ileile. "Mwatumu, mwanangu, watamuua hivihivi huku wanaimba."

* * *

Mwatumu alikuwa mtoto wao wa pekee, muuza vitambaa sokoni, mwanamke wa maneno machache na mikono mipana. Ndiye aliyesema twende kwa daktari. Wakampeleka mzee hospitali kuu. Daktari akalikunja goti la kwanza, likalia. Akalikunja la pili, likajibu. Daktari akainuka, akafunga mlango, akafunga dirisha, akarudi na jasho.

"Mmesikia sauti hiyo?" akauliza.

"Tumesikia," alisema Bi. Siwema. "Mifupa inasagana."

"Hapana, mama. Hiyo ni sauti ya nguvu iliyojaa ikakosa pa kutokea." Akawatazama kwa macho ya kuomba radhi. "Nina watoto wadogo, mama. Haya ni magoti ya taifa. Siyagusi."

Hapo Mwatumu akafanya kosa ambalo lingeweza kufanywa na binti yeyote anayempenda baba yake. Alikwenda wizarani na cheti cha kuzaliwa cha Shaweji, akakiweka mezani, akasema, hesabuni wenyewe. Wakahesabu. Wakastuka kweli, wakamshukuru kwa uzalendo wake, na kesho yake ikatoka amri kwamba kosa la kihesabu lililofanywa na wakoloni limesahihishwa: Shaweji Mbaruku ana miaka arobaini na minne. Na mwenzake wa dawati vivyo hivyo, Mungu amzidishie.

Watu walishangilia barabarani. Mambo yakaharibika pale karani mmoja mwenye bidii alipogundua kwamba Mwatumu ana miaka arobaini na saba.

Askari walimfuata sokoni, wakamkuta anapima kitenge. "Wewe ndiye uliyezaliwa kabla ya baba yako?"

"Sikuzaliwa kabla yake," alisema Mwatumu. "Ninyi ndio mmemzaa upya."

Wakamchukua. Bi. Siwema alipofika kituoni ushungi ukimvuka kichwani, mkuu wa kituo alimweleza kwa heshima zote kwamba shauri la binti yake ni zito, kumtangulia mzazi duniani, halina mfano katika vitabu. Litasikilizwa baada ya filamu. Shujaa akiruka, yaelekea serikali itamsamehe binti kwa kuzaliwa mapema. Shujaa asiporuka, basi mkuu wa kituo asingependa kulizungumzia.

"Na wewe mama, kuna jambo lako pia," aliendelea, akipekua karatasi. "Una sabini na moja. Huwezi kuwa mke wa kijana wa arobaini na minne. Wageni watatucheka. Kwa hiyo tumekuandika mama yake."

"Mama yake?" Bi. Siwema alimtolea macho. "Mimi nimemzaa Shaweji? Na anavyokoroma vile? Hebu muogopeni Mungu!"

"Hongera, mama," alisema mkuu wa kituo, akampigia saluti.

* * *

Mtengenezaji wa filamu aliitwa Chande. Alikuwa mtu mzuri, na kwa sababu hiyo hakulala usingizi miezi yote ya kazi. Alimpiga picha Shaweji akiwa amekaa juu ya farasi, maana farasi ndiye aliyetembea. Alimpiga picha akipigana, na maadui walijiangusha wenyewe kabla hajawafikia. Kila siku Bi. Siwema alikuja na kikapu, ndani yake ndara za mumewe zimefungwa kwenye kanga, na kazi ikikatika tu anamvua yale mabuti na kumvisha ndara. Miguu ilikuwa imevimba. Aliipapasa, na walinzi walimwacha, wakisema huyo ni mama mtu.

Chande alijaribu. Alimwendea Mheshimiwa Ngwali akamwambia kuna kijana wa jeshi, mrukaji hodari, avalishwe kofia ya Kapteni Kishindo aruke yeye, kamera ikae mbali, hakuna atakayejua.

"Kijana ashike nafasi ya mkubwa?" Mheshimiwa Ngwali akarudi nyuma. "Bwana Chande, hayo si ndiyo wanayoyaandika wapinzani ukutani?"

Chande akasema basi tutengeneze sanamu, tuijaze magunia, tuirushe.

"Na Mtukufu atakuwa pale ukingoni, anatazama kwa macho yake. Tumdanganye Mtukufu? Sisi?"

Chande alikwenda nyuma ya gari la jenereta akalia. Alipomaliza kulia alinawa uso, akarudi kazini, maana na yeye alikuwa na mama, na walikuwa wamekwisha muuliza mama huyo anaishi mtaa gani.

Lakini Shaweji alikuwa na tumaini moja, nalo alimnong'onezea mkewe siku moja alipokuwa akivishwa ndara. "Mede atakuwepo," akasema. Mede ndilo jina alilomwita Mtukufu walipokuwa watoto. "Tulikuwa tunagawana muhogo wa kuchoma, mama Mwatumu. Mimi namega, yeye anachagua. Mede hana roho mbaya. Shida ni huyu mwenye sikio kasimama katikati. Nikimfikia mwenyewe, nikamwonyesha goti, yamekwisha. Atasema niache, na Mwatumu ataachiwa, na sisi tutakwenda zetu."

"Na ukimfikia, mimi niwepo," alisema Bi. Siwema. "Wewe una haya. Utaanza kumwuliza habari za shule."

Mumewe akacheka kwa mara ya kwanza tangu mkanda uingie nyumbani kwao. Na Bi. Siwema, ambaye hakuwahi kuipenda serikali hata siku moja, akaanza kumwombea Mtukufu uzima, ili afike.

* * *

Alifika. Sikukuu ya Taifa watu walijazana kwenye Korongo la Mnyambiri mpaka waliokuwa mbele waliomba kusukumwa polepole. Bendi ya polisi ilipiga. Mtukufu alikuwa amewekwa kwenye kiti kikubwa karibu na ukingo, nishani zimemwelemea upande mmoja, buti za kijeshi zimefungwa kamba hadi magotini. Mheshimiwa Ngwali alisimama kuliani kwake. Ng'ambo ya pili ya korongo walikuwa wametandika zulia jekundu, mahali pa kutua.

Shaweji akasogea mbele, kofia mkononi. Mkanda ulikuwa umeungwa kwa kipande cha tairi. Bi. Siwema alikuwa nyuma yake na kikapu, na alipozuiwa alisema, "Mimi mama yake, ninyi wenyewe mmeandika," wakampisha. Wakafika mbele ya kiti. Shaweji akapiga magoti, na magoti yakalia, na bendi ikanyamaza ikidhani ni ishara.

"Mede," alisema. "Ni mimi, Shaweji wa dawati la dirishani. Magoti yangu yamekwisha, ndugu yangu. Siwezi kuruka. Na binti yangu wamemfunga. Nakuomba uniache niende nyumbani."

Mtukufu akamtazama. Macho yalikuwa mekundu na yenye maji, kama ya mtoto aliyeamshwa. Akamtazama sana, kisha kitu kikapita usoni mwake, akainama mbele, na Bi. Siwema akainama pia, karibu mpaka akasikia harufu ya dawa kwenye pumzi yake. Midomo ikatikisika. Alisikia kila neno.

"Shaweji," alisema Mtukufu. "Na mimi nataka kwenda nyumbani. Waambie wanivue viatu."

Mheshimiwa Ngwali aliinama, akatega sikio, akanyanyuka. Akatanua mikono kuelekea taifa.

"Mtukufu anasema: Ruka!"

Umati ukalipuka. "Ruka! Ruka!"

"Muongo!" Bi. Siwema alipiga kelele. "Hakusema hivyo! Kasema anataka kwenda nyumbani! Jamani, nimemsikia kwa masikio yangu, kasema avuliwe viatu! Mede! Mede, sema tena, sema kwa nguvu!"

Mtukufu alimtazama, midomo ikacheza tena, lakini bendi ilikuwa imekwisha kuanza. Askari wawili wakamshika Bi. Siwema kwapani, kwa adabu, kama ashikwavyo mama wa shujaa. Kikapu kilining'inia mkononi mwake. Alimwona mumewe anainuka, anajishika kiuno, anageuka. Alikuwa hana hasira. Uso wake ulikuwa mtupu kabisa, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Mama Mwatumu," alisema Shaweji, "tangulia nyumbani. Mtoto akitoka asikute mlango umefungwa."

"Shaweji, usiende! Kaa chini! Kaa tu chini hapo, watufanye watakavyo!"

Akatikisa kichwa. Akavaa kofia. Akaenda ukingoni kwa mwendo wake wa kuchechemea, na watu wakaushangilia wakisema angalieni alivyo na mbwembwe. Kamera ya Chande ilikuwa inazunguka, na Chande mwenyewe alikuwa amefumba macho.

"Mimi hapa!" alisema Shaweji, si kwa kunguruma, akaruka.

* * *

Filamu ilifanikiwa kupita kiasi. Inaishia pale: Kapteni Kishindo yuko hewani juu ya Mnyambiri, mikono ameitanua, kofia imemtoka kidogo, picha inaganda, wimbo wa taifa unapigwa. Haonyeshwi akitua. Wakosoaji wa gazeti la serikali waliandika kwamba huo ni ufundi wa hali ya juu.

Mwatumu aliachiwa siku ya tatu. Walikwenda wote wawili wizarani, yeye na mama yake, kuomba maiti wazike.

"Maiti ya nani?" aliuliza Mheshimiwa Ngwali.

"Ya mume wangu."

"Mama, hakuna aliyekufa. Kwanza si mume wako. Pili, Shujaa yuko hewani, nchi nzima imemwona." Kisha machoni mwake pakawaka kitu kama furaha ya mwanafunzi. "Unajua, mama, jambo hili limetufunza sana. Mtu aliye hewani hali, haumwi, hakosei. Hazeeki tena. Tumekuwa tukihangaika bure miaka yote hii."

Walimkataza kukaa eda, kwa kuwa mama hakai eda ya mwanawe, tena aliye hai. Walikataza matanga. Majirani walikuja kumpa pole kwa kujifanya wameazima chumvi, wakalia jikoni, wakaondoka na chumvi.

Basi alichobakiwa nacho kilikuwa sinema. Kila Alhamisi alijifunika kaniki, akachukua kikapu chenye ndara, akaenda kukaa safu ya pili. Alivumilia farasi, alivumilia maadui waliojiangusha. Ilipofika mwisho, mumewe alipotokeza ukingoni na kusema, "Mimi hapa," Bi. Siwema alimjibu gizani kwa sauti ndogo, "Umekawia, chakula kinapoa." Kisha taa zikawashwa, naye mumewe bado yuko juu kule.

Alhamisi moja walinzi walijaa ukumbini, na Mtukufu akaletwa kuitazama filamu yake. Wakamketisha safu ya mbele, mbele kabisa ya Bi. Siwema, na hakuna aliyemwondoa, maana mama wa shujaa alipendeza kwenye picha za magazeti. Alikitazama kile kisogo chembamba muda wote. Alitaka kukichukia. Alikuwa amejiandaa kukichukia tangu siku ile, na maneno alikuwa nayo.

Picha ikaganda. Mtukufu akageuka kwenye kiti, taratibu, akamwona.

"Ametua?" akauliza.

Maneno yote aliyokuwa ameyaandaa yakamwishia. "Hajatua," alisema Bi. Siwema. "Bado."

Mheshimiwa Ngwali alikuwa amekwisha inama na kunyanyuka. Akapanda jukwaani chini ya picha ya Shaweji, akatanua mikono.

"Mtukufu anasema: filamu ya saba ianze! Na safari hii, ndugu wananchi, kwa kuwa yeye hatumi mtu mahali asipokwenda mwenyewe, Mtukufu anasema atakayeruka ni yeye!"

Ukumbi ulisimama. Makofi yakarindima, mawaziri wakipiga kwa nguvu kuliko wote, wakitazamana. Mtukufu alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona kila mtu anapiga makofi, na yeye akapiga. Kisha akamgeukia tena Bi. Siwema.

"Nani ataruka?" akauliza.

Bi. Siwema akainuka. Alizunguka safu, akapiga magoti sakafuni mbele ya kiti, akaanza kufungua kamba za yale mabuti, moja baada ya nyingine. Miguu ilikuwa imevimba kama ile aliyoizoea. Akazitoa ndara kikapuni, akamvisha, na Mtukufu akashusha pumzi.

"Tunakwenda nyumbani?" alisema.

Juu ya vichwa vyao Mheshimiwa Ngwali alikuwa anataja tarehe.